Model T ya Milioni 15 na Mustang Namba 1

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliozaliwa huku huku Michigan, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mliniomba nizungumzie magari mawili ya zamani ya Kimarekani, ya vipindi viwili tofauti, mkaniachia nichague mwenyewe. Nami, baada ya kuhangaika na majina mengi, nimerudi hapa hapa tunapoishi. Nimechagua Ford Model T na Ford Mustang ya kwanza. Tena sisemi kwa jumla tu, kwa maana yapo magari mawili ninayoweza kuyanyooshea kidole: Model T ya milioni 15, iliyotoka katika kiwanda cha Highland Park tarehe 26 Mei 1927, na Mustang yenye namba 1, iliyoundwa Dearborn mwaka 1964. Yote mawili yamo katika hifadhi ya makumbusho ya The Henry Ford, mwendo mfupi tu kutoka majumbani kwa wengi wenu. Yamepishana kwa miaka 37.

Watu wakilinganisha magari huanza na mwendo, kisha nguvu, kisha uzuri. Hayo nitayagusa. Lakini mimi ni mtu wa gereji, na mtu wa gereji akiliona gari hujiuliza kwanza: mwenye gari hili alitakiwa kujua nini ili limfikishe aendako? Nikiyapima magari haya mawili kwa swali hilo, naona kwamba Model T ilimtaka mwenyewe awe nusu fundi, na Mustang ilimtaka awe mteja. Tofauti nyingine zote nitakazozitaja naziona zinatokana na hiyo moja.

Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908. Ile ya bei ya chini iliuzwa dola 825, fedha nyingi wakati huo, ingawa magari mengine ya uimara kama huo yalikuwa ghali zaidi. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 540. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20, na kwenye barabara nzuri ilifika kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Shida ni kwamba barabara nzuri zilikuwa chache. Nje ya miji, Marekani ya mwaka 1908 ilikuwa nchi ya vumbi na matope, na wazee wetu waliokulia kwenye njia za udongo watalielewa gari lile mara moja: lilinyanyuka juu, magurudumu yake yalikuwa membamba na makubwa, na springi zake zililazwa kukingama chesisi, moja mbele na moja nyuma, ili gari lipinde mwili juu ya mashimo bila kuvunjika. Chuma chake kilichanganywa na madini ya vanadi, hivyo kikawa chepesi na kigumu kwa pamoja. Kwa macho ya leo linaonekana kama mkokoteni uliotiwa injini. Kwa kazi liliyoundiwa, sijaona lililolishinda.

Sasa nataka niwaonyeshe jinsi linavyowashwa, kwa sababu maneno matupu hayatoshi. Miaka michache iliyopita mzee mmoja Mmarekani, mteja wetu wa siku nyingi, aliniruhusu niwashe Model T yake ya mwaka 1915. Kwanza alinitaka nivute hendibreki hadi mwisho, kwa sababu katika gari hilo hendibreki ndiyo pia inayoitoa gia. Kisha akanielekeza kwenye vijiti viwili vilivyo chini ya usukani. Cha kushoto ni cha cheche za plagi: nikipandishe juu kabisa, ili cheche zichelewe. Cha kulia ni cha mafuta: nikishushe kidogo tu. Nikaenda mbele ya gari, nikavuta waya mdogo wa choki uliochomoza kando ya rejeta, huku nikizungusha hendeli taratibu ili petroli ifike kwenye silinda. Nikarudi ndani, nikafungua swichi iliyo kwenye kasha la koili. Nikatoka tena. Hapo mzee akanishika mkono kabla sijaigusa hendeli, akakitoa kidole changu cha gumba na kukilaza upande mmoja na vidole vingine. Alinieleza kwamba cheche zikiwahi, injini hupiga kinyume, hendeli ikarudi kwa kishindo, na aliyeizungushia gumba hurudi nyumbani na mkono uliovunjika. Alitaka pia nivute kutoka chini kwenda juu, kwa mkono wa kushoto, nisisukume kamwe kwenda chini.

Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, ikakohoa. Wa tatu ikawaka, gari lote likatetemeka, na kabla sijajiinua vizuri likaanza kunisogelea. Asubuhi ilikuwa ya baridi, oili ilikuwa nzito, na sahani za klachi zilikuwa zimegandana kiasi cha kulisukuma gari mbele hata likiwa limetolewa gia. Mzee alicheka sana. Baadaye nilielewa kwa nini watu wa zamani, wakati wa baridi, walikuwa wakipiga jeki gurudumu moja la nyuma kabla ya kuwasha.

Ukishapanda, masomo yanaanza upya. Chini kuna pedali tatu, na hakuna hata moja ya kuongeza mafuta. Mafuta huongezwa kwa mkono. Pedali ya kushoto ukiikanyaga hadi mwisho unapata gia nzito, ukiishikilia katikati gari halina gia, na ukiiachia, huku hendibreki imesukumwa mbele, unapata gia nyepesi. Pedali ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki, nayo haikamati magurudumu, inakamata mkanda ulio ndani ya gia boksi. Mchukueni dereva hodari wa leo mumweke pale: akitaka kuongeza mwendo atakanyaga breki, na akitaka kufunga breki atakanyaga rivasi.

Pampu hazikuwepo. Petroli ilitiririka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti, na ukitaka kujua imebaki kiasi gani, unamwinua abiria, unainua kiti, unachovya kijiti. Tangi likikaribia kuisha na mbele yako kuna mlima mkali, kabureta inakuwa juu kuliko petroli na injini inakata roho. Kwa hiyo watu walipanda milima kinyumenyume. Maji nayo, ukiacha magari machache ya mwanzo kabisa, yalizunguka kwa joto lake yenyewe. Kupima oili kulimlazimu mtu alale chini na kufungua vibomba viwili vidogo vilivyo chini ya injini: oili ikitoka kwenye cha juu imejaa, isipotoka hata kwenye cha chini umeshachelewa.

Mtaona sasa kwa nini nasema mwenyewe alikuwa nusu fundi. Na wala hakuwa na haja ya kuogopa, maana kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho, na mkulima mwenye spana chache aliweza kufungua kichwa cha injini, akakwangua kaboni, akakirudisha jioni ile ile. Wakulima walikwenda mbali zaidi ya hapo. Waliinua gurudumu la nyuma, wakavisha mkanda, na gari lililowapeleka kanisani Jumapili likawa Jumatatu linapasua kuni au kuvuta maji. Wauzaji wa nje ya kampuni, pamoja na maduka yaliyouza kwa katalogi, walijaza kurasa kwa vifaa vya kulibadilisha gari hilo: taa, breki za ziada, vifuniko vya baridi, hata vifaa vya kuligeuza trekta. Ford iliuza gari la namna moja, na mnunuzi akaenda kutafuta tofauti yake mwenyewe kwingine. Hilo naomba mlishike, kwa sababu miaka 50 baadaye kampuni hiyo hiyo haikukubali tena fedha hizo ziende kwa wengine.

Nifungue mabano kidogo. Wazee wetu waliita kitu hiki motokaa, na neno gari lilikuwa la kitu chochote chenye magurudumu, hata cha kukokotwa na ng'ombe. Nikiitazama Model T naona jina la motokaa linaifaa zaidi. Mustang ni gari tu.

Siwezi kuisema Model T nikakiacha kiwanda. Mwaka 1913, pale Highland Park, walianza kuivuta chesisi mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuifuata, na kazi ya kuunganisha chesisi moja ikashuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Bei nayo ikateremka mwaka hadi mwaka, mpaka ya bei ya chini ikafika dola 260 katikati ya miaka ya 1920. Kuanzia 1914 hadi 1925 ilitolewa kwa rangi nyeusi peke yake, ingawa watu husahau kwamba zile za mwanzo kabisa zilikuwa na rangi nyingine. Linalonisumbua mimi ni hili: gari hilo hilo lililomtaka mwenyewe ajue kila kitu, liliundwa na mtu aliyetakiwa kujua kitu kimoja tu, kukaza nati yake na kungoja inayofuata. Wafanyakazi hawakuvumilia. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na nguvu kazi ya watu wapatao 14,000, kwa sababu wengine walikuwa wakiondoka. Ule mshahara maarufu wa dola 5 kwa siku ya saa nane, uliotangazwa Januari 1914, husimuliwa kama ukarimu. Mimi nauona kwanza kama bei ya kumzuia mtu asikimbie mstari. Tena haukutolewa hivi hivi, maana wakaguzi wa kampuni waliingia mpaka majumbani kuangalia kama mfanyakazi anaishi kwa namna waliyoona inafaa. Hata hivyo hesabu yake ilikuwa na nguvu. Mwaka huo Model T ya bei ya chini ilikuwa dola 500, yaani siku 100 za kazi kwa aliyepata mshahara huo.

Kuanguka kwake sitakuchelewesha. Cadillac ilianza kufunga starta ya umeme katika magari yake ya mwaka 1912, kampuni mshindani ya General Motors ikaanza kukopesha wanunuzi mwaka 1919, na Chevrolet ikaleta gari lenye gia tatu za kawaida na rangi za kuchagua. Mnunuzi wa 1927 hakutaka tena kulala chini kufungua vibomba. Siku ile ya Mei, Edsel Ford aliliendesha gari la milioni 15 kutoka kiwandani, baba yake Henry akiwa ameketi kando. Rekodi ya idadi hiyo ilidumu mpaka Februari 1972, ilipopitwa na Volkswagen ya kobe.

Sasa tuje kwenye Mustang. Mwaka 1964 meneja mkuu wa magari yenye jina la Ford alikuwa Lee Iacocca, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, mwenye umri wa miaka 39. Alichokiona hakikuwa cha kiufundi hata kidogo. Aliona kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita kinaingia umri wa kununua gari, na kwamba kizazi hicho hakitaki gari la baba. Ford ilikuwa tayari na gari dogo la kubana matumizi, Falcon, lisilo na mbwembwe yoyote. Wakachukua viungo vya Falcon vya chini, wakavivika bodi yenye boneti ndefu na mgongo mfupi, wakaweka viti viwili vya mbele vilivyoachana, kijiti cha gia sakafuni na zulia, wakatangaza bei ya kuanzia dola 2,368. Fundi akiivua Mustang ya 1964 nguo zake anaikuta Falcon imesimama pale, na sisemi hivyo kwa dharau. Kuvisha kitu cha kawaida hadi watu wakakesha wakikiwaza ni ufundi wa aina yake.

Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, katika Maonyesho ya Dunia mjini New York. Siku ya kwanza zilipokewa oda 22,000. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000, na kabla ya miaka miwili kutimia zilikuwa milioni moja.

Kuiwasha hakuhitaji hadithi. Unaingiza ufunguo, unakanyaga akseleta mara moja, unazungusha. Basi.

Vijana wa ufundi, hapa naomba masikio yenu, maana ndipo ulinganisho wenyewe ulipo mtamu. Mustang ya bei ya chini ya miezi ile ya kwanza ilikuwa na injini ya silinda sita ya lita 2.8. Ni ndogo kuliko ile ya Model T! Lakini ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 101, mara tano ya ile ya mwaka 1908. Ni kweli kwamba nguvu za miaka ile zilipimwa injini ikiwa haijabebeshwa mizigo yake yote, kwa hiyo punguzeni kidogo. Bado pengo ni kubwa. Limetoka wapi? Valvu za Model T zilikaa ubavuni, na hewa ilipita kwa taabu. Za Mustang zilikaa juu ya silinda. Model T iligandamiza hewa na petroli takriban mara 4 tu, kwa sababu petroli ya siku zake ingejilipukia ovyo ukizidisha; Mustang iligandamiza zaidi ya mara 8. Petroli ilikuwa imebadilika, na mabadiliko hayo yaliletwa kwa sehemu na madini ya risasi yaliyoanza kuchanganywa humo mwaka 1923, sumu ambayo dunia ilikuja kujuta. Na Model T ilifika kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika, wakati injini ya Mustang ilikimbia hadi 4,400. Ukubwa wa injini ni ule ule. Kilichobadilika ni pumzi yake.

Kisha kulikuwa na orodha. Mnunuzi wa Mustang alipewa karatasi, na kalamu yake ndiyo iliyounda gari. Angeweza kuchukua silinda sita na gia tatu za mkono, akapata gari la mwalimu wa shule. Angeweza kuchukua V8, yaani injini ya silinda nane, na baadaye kidogo V8 yenye nguvu za farasi 271, akapata gari la kumtisha jirani. Gia zinazojibadilisha zenyewe, redio, usukani mwepesi, kiyoyozi, saa na kipimo cha mizunguko kando ya usukani: kila kitu kilikuwa na bei yake, na wengi waliongeza mamia ya dola juu ya ile bei ya tangazo. Ule ubunifu ambao mkulima wa Model T aliufanya bandani kwake kwa nyundo na mkanda, sasa uliuzwa ukiwa umekamilika, na faida ikabaki kwenye kampuni.

Mimi kama fundi siisifu Mustang bila kuikagua. Breki zake za kawaida zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na kwa gari lenye V8 hizo zilikuwa haba. Paa la tangi la petroli ndilo lililokuwa sakafu ya buti. Mhimili wa usukani ulikuwa chuma kimoja kigumu kilichoelekezwa kifuani kwa dereva, kama ilivyokuwa kwa magari mengi kabla ya sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966. Na yeyote kati yenu atakayeshawishiwa kununua moja, asianze na injini. Achukue ndoo ya maji, ayamimine polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha afungue mlango na kutazama sakafu upande wa miguu. Maji yakidondoka ndani, kutu imekula pale pasipofikiwa kirahisi, na rangi yote inayong'aa nje ni ya kukuvutia tu.

Swali la bei nililiacha makusudi. Mwaka 1964 mfanyakazi wa kiwandani Marekani alipata, kwa wastani, kama dola 2.50 kwa saa, au dola 20 kwa siku ya saa nane. Gawanyeni 2,368 kwa 20. Ni siku zipatazo 118, dhidi ya zile 100 za mwaka 1914. Baada ya nusu karne mfanyakazi alitoa jasho linalokaribiana, akapata gari lisilomdai maarifa yoyote. Mimi ningependa kuifungua Model T na kuifunga tena kila mwaka. Lakini nikiulizwa lipi nitarudi nalo nyumbani usiku wa Januari hapa kwetu, sitawadanganya.

Nimalizie na hiyo Mustang namba 1, kwa sababu haikukusudiwa kuuzwa. Ilipelekwa kwa wakala mmoja katika mji wa St. John's, Newfoundland, nchini Kanada, ili ionyeshwe. Rubani mmoja wa ndege akaiona, akaitaka, na wakala akamuuzia kabla hata ya siku ya uzinduzi. Ford ilipogundua, rubani hakuwa na haraka ya kuirudisha. Aliiendesha kama miaka miwili, zaidi ya maili 10,000. Mwishowe alikubali kubadilishana: kampuni ikachukua namba 1, naye akapewa Mustang mpya, ikiwa na vikorombwezo alivyovichagua mwenyewe kwenye ile orodha.

Model T ya milioni 15 haikupata mnunuzi wa namna hiyo. Ilihifadhiwa tangu mwanzo. Mkienda kuitazama, inameni kidogo mbele yake. Model T za 1927 zilishakuwa na starta ya umeme, lakini hendeli bado inaning'inia chini ya rejeta. Asanteni, na nipo tayari kwa maswali yenu.